Barua ya wazi: Kahawa ina mizani, ndizi ya Krismasi je?

Kwa: Mheshimiwa Mwenyekiti wa Halmashauri, Mkurugenzi Mtendaji, Waheshimiwa Madiwani na Kamati ya Soko letu

YAH: WAKULIMA WANAOTULISHA KRISMASI NA SOKO WANALOUZIA

Waheshimiwa,

Somo tajwa hapo juu lahusika.

Mimi ni mpishi wa shughuli hapa Moshi. Napika harusi, kipaimara na misiba, na Desemba ikiingia napika Krismasi za familia zinazorudi kutoka Dar es Salaam, Mwanza, Dodoma na hata ng'ambo, kuja "kuhesabiwa" kama watani wetu wanavyopenda kusema. Sikutumwa na chama chochote wala sina mpango wa kugombea udiwani. Nalisema mapema kwa sababu ndilo swali linalotangulia kila nikifungua mdomo. Naandika kwa kuwa ndizi ninazomenya, mbuzi ninaowachoma na mchele ninaoupika vina wenyewe. Nawajua kwa sura, wengine kwa majina ya watoto wao, na wanayotendewa sokoni nimeyaona mno hata nimeshindwa kunyamaza.

Sikuanzia hapa. Nilianza kwa msimamizi wa soko, nikaandika barua ikagongwa muhuri wa kupokelewa, nikamfuata diwani baada ya ibada. Kote nikaambiwa linafanyiwa kazi. Basi na liwe wazi, lifanyiwe kazi watu wakiona.

Naomba uvumilivu wenu nianze na chakula chenyewe, maana wengi hukutana nacho kikiwa tayari kwenye hotipoti.

Machalari, ndizi zetu zinazopikwa na nyama, huanza na mshare, ndizi ya kupika ya mlimani. Ukikosa mshare unaweza kubahatisha na ndizi nyingine, lakini mzee wa kaya atajua kwenye kijiko cha kwanza, na atasema mbele ya wakwe. Mgomba wa mshare, tangu chipukizi lipandwe hadi mkungu ukomae, hula mwaka na zaidi kule juu kwenye baridi. Katika muda huo mama wa Kibosho, Uru, Marangu au Mwika amepunguza machipukizi, amekata majani makavu, ameuwekea mgomba nguzo usiangushwe na upepo, amesubiri zamu yake ya maji ya mfereji, mara nyingine usiku, na amejaza samadi shinani. Samadi hiyo inatoka kwa ng'ombe na mbuzi wa bandani, na mifugo ya bandani haiendi malishoni; malisho ndiyo hupandishwa kwao. Ule mzigo wa majani mnaopishana nao barabarani, miguu miwili tu ikionekana chini yake, umetoka tambarare kwenda juu, na sehemu yake mtaila mwezi wa kumi na mbili ikiwa imegeuka ndafu, mbuzi mzima wa kuchomwa.

Mwaka 2011 FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, liliutambua mfumo wa kihamba, yaani shamba la nyumbani la Wachagga, wa Shimbwe Juu, kule Uru, kuwa miongoni mwa urithi wa kilimo wenye umuhimu kwa dunia nzima. Waliouangalia waliona miti mirefu juu, migomba chini yake, kahawa kwenye kivuli cha migomba, na maharage na magimbi karibu na udongo, vyote kwenye kipande ambacho mara nyingi hakifiki ekari mbili. Wageni wanalipa kuja kutembezwa humo na kupigwa picha. Mwenye kihamba akishuka sokoni, anatafuta pa kuweka mguu asikanyage tope.

Chakula cha sikukuu hakiishii mlimani, na nisiwasahau wengine. Mchele wa pilau ninaoununua ni wa Mabogini na Chekereni, kwenye skimu ya Lower Moshi iliyokamilika mwaka 1987 kwa ushirikiano na Japani. Vitunguu vimepanda lori Mang'ola, kule Karatu. Nyanya zimetoka Ngarenanyuki, upande wa Mlima Meru. Mbuzi ambaye hakunenepeshwa nyumbani amenunuliwa mnadani Weruweru kwa mfugaji aliyemswaga kwa miguu. Mbege, pombe yetu ya kienyeji, nayo inataka ndizi mbivu, ulezi na magome ya msesewe, na kila kimoja kina mtu wake aliyekihangaikia. Nikiwapakulia wageni wenu sahani moja, nimewapakulia jasho la mkoa wetu na majirani zetu wote.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Ndizi haina mizani

Hili ndilo kubwa, na nitakaa hapa.

Mji huu unaijua mizani. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walianzisha chama chao cha KNPA mwaka 1925, na mwaka 1933 ikazaliwa KNCU, chama kikuu cha ushirika wa kahawa. Bodi ya Kahawa ina makao yake hapa. Chuo Kikuu cha Ushirika kiko hapa. Mkulima akipeleka kahawa kwenye chama cha msingi inapimwa kwa kilo, inaandikwa kwenye kitabu, na yeye anaondoka anajua amepeleka kiasi gani. Malipo yanaweza kuchelewa, na ana haki ya kulalamika, lakini hakuna wa kumwambia kwamba kahawa yake "inaonekana kidogo".

Sasa njooni sokoni siku ya soko. Kihamba ni kile kile, samadi ni ile ile, pengine mgomba wenyewe ndio ulioikinga kahawa ile na jua. Mama anashusha mkungu kichwani, dalali anaupima kwa jicho. Anauzunguka, anaugusa kwa ncha ya kiatu, anasema huu vichane vya chini vimekonda, anataja bei. Mkungu wa kilo 30 na mkungu wa kilo 20 vinaondoka kwa bei moja kwa sababu vikisimamishwa vinalingana urefu. Huko vinakokwenda vitauzwa kwa kichane, au kwa kuhesabu ndizi moja moja, na hapo hakuna anayekosea hesabu.

Kwa nini kahawa ipimwe na ndizi isipimwe? Nitasema ninavyoona mimi: kahawa ilikuwa ya baba, ndizi ilikuwa ya mama. Fedha ya kahawa iliingia mfukoni mwa mzee, nayo ikajengewa maghala, vyama na mnada. Fedha ya ndizi ilifungwa kwenye pindo la kanga, ikanunua chumvi, daftari na dawa ya mtoto, na hakuna aliyeona haja ya kuijengea chochote. Kahawa ilipoanguka bei, pindo lile la kanga ndilo lililowabakiza watoto wengi shuleni. Baadhi yao, Waheshimiwa, leo wanaketi kwenye vikao vyenu, na sidhani kama nimemvunjia mtu heshima kulisema.

Majibu yenu nayajua, nimeshapewa mengi mdomoni. La kwanza ni kwamba ndizi zimeuzwa kwa mkungu tangu enzi za mababu. Ni kweli. Lakini enzi hizo mama alibadilishana na mama mwenzake, ndizi kwa maharage, ndizi kwa magadi, wote wawili wakulima, wote wawili wanaujua mkungu kwa kuubeba. Hapakuwa na Fuso limewashwa likisubiri, wala dalali mwenye simu sikioni anayeijua bei ya soko la Mabibo, Dar es Salaam, ya asubuhi ile huku muuzaji haijui.

La pili ni kwamba wanunuzi watakimbia. Desemba watakimbilia wapi? Dar es Salaam imejaa watu wa kwetu waliokosa nauli ya kupanda nyumbani, nao wanataka mtori wa sikukuu kama nyinyi mnavyoutaka. Mnunuzi anayekimbia mizani tumuulize anakimbia nini.

La tatu ni kwamba hakuna fungu. Hapa nitakuwa mkali kidogo. Nimeambiwa hakuna fungu la kununulia mizani, na aliyeniambia alikuwa ameegemea meza yenye mashine ya kukusanyia ushuru. Kama makusanyo ya soko hili hayawezi kununua mizani mbili za kuning'iniza, tuonyesheni hesabu, nasi walaji tutachanga. Sitanii. Nina wateja wanaoagiza kreti za bia bila kuuliza bei, kisha wananisumbua kwa nini mkungu umepanda shilingi elfu moja. Hao nitaanza nao mchango.

Vitunguu na viazi vina balaa lao, lumbesa, gunia linalojazwa kupita kipimo. Sheria ya Vipimo, Sura 340, ipo, na kila mwaka tunasikia kwamba gunia la mazao lisizidi kilo 100. Wakala wa Vipimo wapo na wanatangaza. Pamoja na hayo yote, magunia yanashushwa sokoni yamevishwa vilemba hadi mpagazi anasaidiwa na wenzake kujitwika. Mkulima analipwa gunia moja. Alichovuna ni zaidi ya gunia. Nani kati yenu amewahi kusimama getini akalikataa gunia moja tu, lirudi, ijulikane?

2. Ushuru ambao hakuna anayejua kiwango chake

Mwaka 2017 ushuru wa mazao ulipunguzwa kisheria kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula. Serikali ikasema pia kwamba mzigo usiozidi tani moja, unaotoka halmashauri moja kwenda nyingine, usitozwe. Mama mwenye mikungu mitatu juu ya bodaboda hana tani moja, hana hata robo yake. Bado anasimamishwa njiani na kijana asiye na kitambulisho, anatoa, na akifika getini anatoa tena. Risiti anayopewa mara nyingi ni neno moja: "Pita."

Mtaniambia ushuru wa mazao ni mwingine na ushuru wa soko ni mwingine. Nakubali, na wala sisemi soko liendeshwe bure. Basi mbandike ubao getini, kwa herufi ambazo bibi asiye na miwani atazisoma: nani analipa, analipia nini, kiasi gani, na kwamba pasipo risiti ya mashine hakuna malipo. Ubao wa matangazo uliopo una tangazo la chanjo lililofifia na picha ya mgombea wa uchaguzi uliopita.

3. Tope

Hapa sihitaji maneno mengi. Desemba ni mvua za vuli. Upande wa nguo za mitumba na viatu umeezekwa; upande wa ndizi hauna bati hata moja. Ndizi zinalazwa chini, mwenye ndizi anasimama, mvua inawanyeshea wote wawili. Choo ni cha kulipia, maji hayatoki, na mama aliyeondoka nyumbani alfajiri anajizuia mpaka arudi kwake jioni. Mwenye dada au mama ataelewa bila mimi kuendelea.

4. Barabara

Mtanielekeza TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Sawa, nitakwenda, na barua yao inakuja. Ninachowaomba nyinyi ni kimoja: mnapokaa kupanga barabara za kuombea fedha, ya kupandisha wageni kwenye hoteli isitangulie kila mwaka ile ya kushushia chakula.

5. Mikopo ya asilimia 10

Sheria inataka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Utoaji ulisimamishwa mwaka 2023, ukarejea 2024. Nawauliza wauza ndizi ninaowajua, wamesikia redioni, basi. Kuunda kikundi, kuandika katiba, kufungua akaunti, kuandaa andiko la biashara, kurudishwa kwa sababu muhuri wa mtendaji haupo: mtu anayekata majani ya ng'ombe asubuhi na jioni atayafanya hayo saa ngapi? Afisa maendeleo ya jamii anaijua siku ya soko kama ninavyoijua mimi. Aje na fomu, akae upande wa ndizi, si ofisini.

Mtasema wakulima hawa hawaaminiki kurudisha. Hawa ndio wanaoendesha vikoba miaka nenda rudi, kwa daftari la kurasa mia na sanduku la kufuli tatu. Natamani vikao vingine vya fedha vingekuwa na kufuli tatu.

6. Shukrani mnayempa mgeni

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa kwetu sijui ni mwenyeji yupi anayepona. Mwezi wa kumi na mbili mji wetu unapendeza. Askari wa barabarani wanaongezwa, mabasi yanakaguliwa nauli, treni ya abiria kutoka Dar es Salaam iliporudi mwaka 2019 ilirudi Desemba hiyo hiyo, na sote tulishangilia. Viongozi wanashika kipaza sauti kuwashukuru watu kwa kukumbuka nyumbani na kuwekeza nyumbani. Sijawahi kusikia aliyeshukuriwa kwa kuwa hakuondoka. Aliyebaki akaulinda mgomba, akaokota kahawa, akamlisha beberu aliyehasiwa hadi akafaa kupambwa majani na kukatwa mbele ya wakwe, yeye anatajwa Nane Nane tu, na hata huko viwanja vya Themi, Arusha, anayepewa cheti na trekta la mkono ni mkulima mwenye kipeperushi.

Na msinielewe vibaya, sitaki cheti kwa mama wa mshare. Cheti hakikai kichwani pamoja na mkungu. Ningekuwa mimi ndiye mwenye kosa ningekuja kwenu na jani la sale, jani letu la kuombea msamaha, kama desturi yetu inavyotaka, nanyi msingekuwa na njia ya kunikataa. Safari hii naona jani hilo lingefaa litoke upande wenu.

Maombi yangu

Naomba haya yafanyike kabla ya soko la kwanza la Desemba, kwa sababu baada ya hapo kila mtu atakuwa na wageni na hakuna atakayesikiliza mtu.

(a) Mizani mbili upande wa ndizi, zilizohakikiwa na Wakala wa Vipimo, zenye msimamizi anayelipwa na soko na si na madalali. Sisemi kila mkungu lazima uuzwe kwa kilo kuanzia kesho. Nasema muuzaji akitaka kupima, apime bure, ajue anauza nini, kisha wapatane.

(b) Bei ya siku hiyo ya masoko makubwa ya Dar es Salaam na Arusha iandikwe kwa chaki karibu na mizani. Simu moja asubuhi inatosha.

(c) Ubao wa ushuru getini, na vijana wa njiani waondolewe au wavishwe vitambulisho.

(d) Bati juu ya ndizi, kokoto chini yake, maji chooni. Kama bati haziwezi kupatikana zote mwaka huu, anzeni na kokoto.

(e) Gunia lenye lumbesa lirudishwe getini, bila kujali ni lori la nani. Hapa nasisitiza maneno "la nani", na wenye kuelewa wameelewa.

(f) Kikao cha wazi na wauzaji, siku ya soko, sokoni, kabla ya saa nne, wakati bado wana nguvu ya kusema. Kikao cha saa tisa alasiri ukumbini wanakuja madalali peke yao, kisha mnaandika kwamba wadau walishirikishwa.

Jibu msiniletee mimi. Liandikeni, libandikwe getini, lisomwe na wanaohusika. Mkiwa na hoja kwamba nimekosea jambo lolote, liandikeni hilo pia, nitalipokea na nitalisambaza kama nilivyosambaza hii.

Nami kwa upande wangu nimeshawaambia wateja wangu wa Krismasi ijayo kwamba ndizi zao zitanunuliwa kwa kilo, kwa mizani yangu ya jikoni iwapo ya soko haitakuwapo, na tofauti ya bei wataiona kwenye ankara. Wawili wamenuna. Waliobaki wameuliza ni mama yupi analima ule mshare wa mwaka jana, na kama anaweza kuwauzia moja kwa moja. Siku za soko mtanikuta upande wa ndizi tangu saa kumi na mbili asubuhi. Mkija, vaeni viatu vya mvua.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mpishi wa shughuli,
Moshi

Nakala: Ofisi ya Wakala wa Vipimo, Kilimanjaro
Wauzaji wa ndizi, siku zote za soko